Vidole Kumi vya Bi Mwanakheri

Jumatatu asubuhi Bi Mwanakheri alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, akabandika chai. Malori ya miwa yalikuwa yameshaanza kupita barabarani. Kidodi ni hivyo mwezi wa Oktoba. Ukianika kanzu nyeupe, utaanua kanzu nyekundu kwa vumbi.

Mumewe, Mzee Mudi, alikuwa kwenye mkeka anabangua karanga.

"Mama Zuhura," alisema. Alizoea kumwita kwa jina la binti yao wa kwanza. "Leo ndiyo unaanza kazi ya ukatibu?"

"Leo leo. Nikimaliza chai tu."

"Basi nikae kimya, nisije nikamsumbua mheshimiwa."

Mwanakheri alicheka. Alikuwa na furaha, na alikuwa na haki ya kufurahi. Wiki iliyopita kikundi chao cha wakulima wa miwa kilikutana kuchagua katibu mpya. Mwaka huu orodha ya mashamba ya kuvunwa haiandikwi tena kwenye karatasi. Inajazwa kwenye fomu iliyo ndani ya kishikwambi, kisha inatumwa kiwandani kwa mtandao. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, saa sita mchana.

Kila mwanachama alijua maana yake. Shamba lisilokuwemo kwenye orodha litangoja mpaka mvua ipite. Muwa uliokomaa hauna subira. Hukauka na kupoteza utamu. Tena mvua ikishika, lori haliwezi kuingia shambani.

Kwa hiyo mkutanoni, mwenyekiti alipouliza nani ataiweza kazi hiyo, watu wote waliinamisha vichwa. Mwanakheri akasimama.

"Mimi nimepiga taipu ofisini Kilosa miaka ishirini na sita," alisema. "Vidole kumi, bila kutazama. Hicho kidude kitanishinda nini?"

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti, Mzee Cleopa, alimkabidhi kishikwambi papo hapo, mbele ya wote. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Basi siku hiyo ya Jumatatu Mwanakheri alikaa mezani. Alinyoosha mgongo. Alilaza kishikwambi mbele yake na kukifuta kwa upindo wa kanga. Alifungua fomu, akagusa mahali pa kuandika jina. Picha ya herufi ikatokea chini ya kioo. Alizitambua mara moja. Zilikuwa zimepangwa vilevile kama kwenye taipu yake ya zamani.

"Hamjambo, rafiki zangu," alizisalimia.

Halafu alifanya kama alivyofundishwa chuoni. Kule mwalimu aliwafunika mikono kwa kitambaa ili wasichungulie. Kwanza unalaza vidole vinane kwenye mstari wa kati. Vinapumzika pale. Ndipo unaanza kuandika.

Akavilaza. Kabla hajaandika chochote, kishikwambi kiliandika chenyewe. Herufi zilimwagika mstari mzima, a na s na d na k, hazina kichwa wala mguu.

"Nani kakugusa wewe?" aliuliza Mwanakheri.

Alifuta. Akavilaza tena. Herufi zikamwagika tena. Akadhani labda hakibonyezi vya kutosha, kwa maana taipu ya zamani ilitaka nguvu. Akaanza kugonga.

"Mama Zuhura," aliita Mudi kutoka kwenye mkeka, "unaandika au unatwanga kisamvu?"

Kulikuwa na balaa la pili. Mara chache alipofanikiwa kuandika jina la mtu, kishikwambi kililibadilisha kuwa neno la Kizungu. Mzee Ngolo, mtu mzima mwenye wajukuu, aligeuka kitu kisichojulikana. Hadi jioni Mwanakheri alikuwa ameandika majina mawili, na moja lilikuwa na makosa.

Jumanne ikawa yaleyale.

Jumatano asubuhi Mzee Cleopa alipita na baiskeli yake. Hakushuka.

"Habari za kazi, katibu?"

"Nzuri, mwenyekiti."

"Orodha imefika wapi?"

"Inakwenda vizuri," alisema Mwanakheri. "Usiwe na wasiwasi."

Cleopa alifurahi, akaondoka anapiga mluzi. Mudi alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu mwenye afya njema kabisa.

"Sema unachotaka kusema," alisema Mwanakheri.

"Mimi sina neno. Wahenga ndio waliosema, mficha uchi hazai."

Mwanakheri alifikiria watu arobaini na sita wa kikundi kile. Wengine walikuwa wajane. Wengine walikuwa na watoto shuleni, na shamba la miwa ndilo tegemeo lao pekee. Wote walikuwa wamelala usingizi mzuri kwa sababu ya maneno yake. Aliona aibu sana. Tena aliona hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Hiyo ndiyo iliyomwinua kitini.

Alikifunga kishikwambi kwenye kanga, akatoka.

Nyumba ya tatu alikaa Dotto, afisa ugani wa kata. Alikuwa binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, mwenye umri sawa na wa kitindamimba wa Mwanakheri. Alizunguka mashambani kwa pikipiki, na taarifa zake zote aliziandika kwenye kishikwambi. Mwanakheri alimkuta anaosha buti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu kiti. Za nyumbani?"

"Nzuri. Kuku hawajambo. Mzee hajambo, anakohoa kidogo." Mwanakheri aliangalia chini. Kisha akaamua kumaliza. "Dotto, nimewadanganya watu. Nilisema naiweza mashine hii. Siiwezi. Inaandika yenyewe."

Dotto hakucheka. Alikausha mikono, akavuta kigoda.

"Hebu andika kidogo, mama, nione."

Mwanakheri akanyoosha mgongo, akalaza vidole vinane. Herufi zikamwagika.

"Aa!" alisema Dotto. "Nimeona. Mashine si mbovu, na wewe hukukosea kusoma. Unapumzisha vidole."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kwa taipu, ni sahihi. Kitufe cha taipu kinangoja ukibonyeze. Kioo hakingoji. Kioo hakijui kwamba kidole hiki kimepumzika na kile kinafanya kazi. Ukigusa tu, kinahesabu umeandika. Vidole vinane vikigusa, herufi nane."

Mwanakheri alikitazama kioo. "Kumbe nilikuwa nakiamrisha mwenyewe!"

"Ndiyo. Sasa weka mikono juu, hewani. Tumia vidole viwili tu, kimoja cha kila mkono. Gusa na uondoe. Usigonge, kioo hakitaki nguvu. Ukikigonga sana utakipasua."

Mwanakheri aligusa. M. Akagusa tena. Herufi zilikuja moja moja, kwa adabu.

Dotto alimwonyesha na mengine. Mshale ulio pembeni, ukiugusa mara moja, herufi inayofuata inakuwa kubwa. Ukiugusa mara mbili upesi, zote zinakuwa kubwa. Kitufe chenye tarakimu, chini kushoto, kinaleta namba. Kitufe kirefu ni cha kuacha nafasi. Chenye alama ya msalaba mdogo, upande wa kulia, ni cha kufuta.

"Na huyu anayewabadilisha watu majina?" aliuliza Mwanakheri.

"Huyo anadhani unaandika Kiingereza. Tumwambie ukweli."

Dotto alifungua mipangilio. Akatafuta sehemu ya lugha na kibodi. Akachagua Kiswahili, kisha akazima sehemu ya kusahihisha maneno. Mwanakheri aliandika jina la Mzee Ngolo. Lilibaki kama lilivyo, na mzee akarudishiwa heshima yake.

Hadi jua linazama, Mwanakheri alikuwa ameingiza mashamba kumi na moja. Kila shamba lilitaka jina, namba, ekari na mwezi wa kupandwa. Kazi ilikwenda, lakini ilikwenda kwa mwendo wa konokono. Macho yaliuma kwa kutafuta herufi. Bado mashamba thelathini na matano.

"Dotto, kwa vidole viwili sitafika," alisema.

Dotto alifikiri. "Mama, ni kweli ulikuwa unaandika bila kutazama?"

"Wallahi."

"Basi tatizo siyo vidole vyako. Tatizo ni kwamba kioo hakina vitufe vya kupapasa. Kesho nina kikao Mikumi. Kuna kibodi yangu ya nje nimemwachia rafiki yangu huko. Nitakuletea."

Alhamisi alasiri Dotto alirudi, nywele zimejaa vumbi. Alitoa kitu chembamba, kirefu kama shubiri na nusu. Kilikuwa na vitufe vya kweli, vinavyobonyea. Mwanakheri alikipapasa. Kwenye F na J kulikuwa na vivimbe vidogo, kama vya taipu yake. Machozi yalimlengalenga, akajifanya ni vumbi.

"Haina waya?" aliuliza.

"Zipo za waya, unachomeka. Hii inatumia blutuuthi. Tazama, nifanye mara moja, halafu utafanya wewe."

Dotto aliwasha swichi ya kibodi. Taa ndogo ya buluu ikaanza kumetameta. Kwenye kishikwambi alifungua mipangilio, akagusa blutuuthi, akaiwasha. Jina la kibodi likatokea. Akaligusa. Kishikwambi kikaonyesha namba. Dotto akaziandika kwenye kibodi, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Taa ikatulia.

"Zimeshajuana. Siku nyingine ukiwasha tu, zinatafutana zenyewe."

Kisha alizitenganisha, akamkabidhi Mwanakheri arudie yote. Alirudia mara mbili. Mara ya pili hakuuliza kitu.

Aligusa mahali pa jina kwenye fomu. Akashtuka.

"Herufi za kioo zimekwenda wapi? Nimeziharibu!"

"Hujaharibu. Kibodi ya nje ikiwepo, ya kioo inajificha ili usome vizuri. Ukiizima ya nje, ya kioo inarudi."

Mwanakheri alinyoosha mgongo. Alilaza vidole vinane. Kishikwambi kilikaa kimya, kikamngoja. Aliinua macho, akatazama ukutani, na vidole kumi vikaanza kukimbia.

Dotto alibaki mdomo wazi. Mudi aliacha karanga zake.

"Mama," alisema Dotto, "mimi nimesoma chuo miaka mitatu na naandika kwa vidole viwili. Utanifundisha?"

"Keti hapa," alisema Mwanakheri bila kusimamisha mikono. "Kwanza nyoosha mgongo."

Adhana ya magharibi iliwakuta kwenye shamba la thelathini.

Ijumaa saa nne asubuhi Mzee Cleopa alikuja. Safari hii alishuka kwenye baiskeli. Alisimama nyuma ya Mwanakheri, akihesabu majina kwa sauti ya chini. Mashamba yalipangwa kwa umri wa miwa, na la Mwanakheri, lililopandwa nyuma ya yote, lilikuwa la arobaini na sita. Mudi alikuwa ameshavaa kanzu ya msikitini lakini hakuondoka.

Kwenye shamba la arobaini na moja, vidole viliendelea kukimbia lakini herufi hazikuja. Taa ya buluu ilikuwa imezimika.

"Imekufa!" alisema Cleopa, akashika kichwa. "Jamani, imekufa! Dotto yuko wapi?"

"Yuko Ruaha, shambani," alisema Mudi.

Mwanakheri aliondoa mikono. Alijiuliza swali moja tu: kilichokufa ni kipi? Kioo kilikuwa kinawaka. Majina arobaini yalikuwa bado yapo. Aliyaona kwa macho yake.

"Kilichokufa ni betri ya kibodi, mwenyekiti. Kishikwambi kizima."

Aliizima kibodi, akaiweka pembeni. Akagusa mahali pa jina. Herufi za kioo zikapanda kutoka chini, zote zipo. Akainua mikono hewani, akabakiza vidole viwili. Akagusa, akaondoa. Akagusa, akaondoa. Cleopa alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa akipigwa sindano.

Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Jina lake mwenyewe aliliandika polepole kuliko yote. Alisoma orodha nzima tangu mwanzo, akasahihisha namba moja, akagusa neno la kutuma. Ilikuwa saa tano na nusu. Fomu ikajibu: Imepokelewa.

Cleopa aliachia pumzi. "Katibu, tangu Jumatano nilijua mambo yako safi."

"Hayakuwa safi," alisema Mwanakheri. "Jumatano nilikuwa na majina mawili. Nilikudanganya kwa sababu ya kujisifu mkutanoni. Naomba radhi. Aliyeniokoa ni Dotto, na nitawaambia wanachama wote."

Cleopa akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa simu kubwa, mpya.

"Mwaka mzima ninayo," alisema, "na sijawahi kumwandikia mtu ujumbe. Nikigusa, inaandika matope. Nikasema ni macho yangu. Kuna nafasi kwako ya mwanafunzi mzee?"

Mudi alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Mkutano uliofuata Mwanakheri alisema yote, kama alivyoahidi. Watu walicheka, kisha wakampigia makofi marefu kuliko ya siku ya kuchaguliwa. Kikundi kilijinunulia kibodi ya nje na betri za akiba. Kila Jumamosi alasiri, wanachama sita au saba walikaa kwenye mkeka wa Mudi, mikono hewani, wakijifunza kugusa na kuondoa. Dotto alikaa mezani, macho ukutani, akikosea na kurudia.

Wavunaji waliyapitia mashamba kwa zamu, moja baada ya jingine, kama yalivyoandikwa. Zamu ya shamba la mwisho ilifika mwishoni mwa Novemba. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye vilima, na wavunaji walikata bila kupumzika. Lori lilijaa. Liliyumba, likapanda barabarani, likashika njia ya kiwandani.

Mwanakheri alisimama katikati ya mabua, peke yake na Mudi. Tone la kwanza lilimwangukia mkononi, kwenye kidole. Likafuata la pili. Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja, nzito, juu ya mashamba arobaini na sita ambayo hayakubaki na muwa hata mmoja wa kuharibika.

"Twende tukajikinge," alisema Mudi.

"Nenda wewe," alisema Mwanakheri huku akicheka, uso ameuelekeza juu. "Mimi niache ninyeshewe."