Mstari Ndani ya Kioo

Mwaka 1995, katika msongamano wa soko la Kongowea, Mwanatumu wa Bofu aligeuka ghafla, kikapu chake kikavunja kioo cha dirisha alichokikumbatia Mbarak, fundi wa vioo wa Changamwe. Vipande vikametameta juu ya buibui lake.

"Bibi, hukukiona?"

"Kioo kizuri hakionekani. Mimi nasoma fizikia, najua."

"Basi nilipe kwa kunifundisha."

Mbarak hakuwa mtu wa maneno matamu. Alianza siku hiyo.

Mwaka uliofuata Mwanatumu alikwenda kusoma Japani. Walizungumza kwa simu ya duka la jirani.

"Utarudi kwangu, kipenzi?"

"Nitakujibu kwa kazi ya mikono yangu."

Katikati ya 1998 likaja jibu: kijipande cha kioo chenye mstari mwembamba kama unywele, na karatasi: "Mstari huo ndio jibu langu."

Fundi wa vioo huchora mstari pale anapokusudia kuvunja. Mbarak akausoma alivyofunzwa. Simu zilipolia, hakwenda.

Desemba Mwanatumu aliingia karakanani, rinda la samawati, leso mabegani, kibao chenye skrubu za kusogezea kioo mkononi.

"Miezi mitano hupokei simu. Nimekukosea nini?"

"Umenichorea mahali pa kuvunjia."

"Ulipitisha ukucha juu yake?"

Hakupitisha. Alikitoa kioo mtotoni mwa meza, akapitisha. Laini pande zote.

"Mstari umeingiaje ndani bila kugusa juu?"

"Kwa leza ya mapigo mafupi mno. Lenzi huukusanya mwali katikati ya kioo. Hapo tu ndipo kioo hubadilika. Mstari huo ni njia ya nuru. Mwanzo ilitoka bapa, nuru ikavuja. Nikaupitisha mwali kwanza katika mwanya mwembamba, ukapata umbo. Njia ikawa mviringo."

Akakaza kioo kwenye kibao, akaelekeza taa ndogo ya leza, akazungusha skrubu robo saa. Ukutani ikatokea nukta moja nyekundu, duara kamili.

"Ikiingia humu, nuru haiendi kwingine. Nilidhani fundi ataelewa."

"Wallahi, fundi ni mjinga."

"Hilo silipingi."

"Niwalete wazee Bofu?"

"Ijumaa. Usichelewe, nimengoja miezi mitano."

Kesho yake mteja aitwaye Kenga alikiona kioo dirishani.

"Fundi, hiki chenye ufa mnauza?"

Mbarak akanyoosha mgongo.

"Hakiuzwi. Na huo si ufa, bwana. Ni kazi ya mchumba wangu. Pitisha ukucha."