Tuta Namba Kumi na Nne

Kila nilipotoka shule saa nane, kazi yangu ya kwanza haikuwa kula wala kuvua sare. Ilikuwa kumshika Bibi mkono na kumpeleka bustanini. Tulipita kwa fundi cherehani, tukavuka barabara, mimi nikiwa macho ya wote wawili, kisha tukaingia kwenye lango la kijani la bustani ya majaribio.

"Taratibu, Kiherehere," Bibi alizoea kunitania. "Maua hayana miguu, hayatatukimbia."

Jina hilo alinipa nikiwa na miaka minne, siku niliyomwaga pakiti nzima ya chumvi kwenye sufuria nikidhani namsaidia kupika. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na miwili, na jina bado lilinifaa kuliko nilivyojua.

Bustani ile haikuwa ya kupumzikia tu. Aina ishirini za maua zilikuwa zimepandwa humo, ili ijulikane zipi zinafaa kupandwa majumbani na shuleni. Mbegu zilitoka kwa watu mbalimbali, lakini majina yao hayakuandikwa popote. Kila tuta lilikuwa na kibao chenye namba tu, asije akapendelewa mtu. Mkuu wa bustani, mtu mrefu asiyekosa kibao na kalamu mfukoni, sisi tulimwita Bwana Vibao.

Namba kumi na nne lilikuwa ua la Bibi. Kwa miaka saba alikuwa akichagua mbegu nyumbani kwetu. Mmea uliovumilia jua, mbegu zake alizitia kopo. Uliolegea aliuacha. Mwishowe akapata ua la rangi ya machungwa lenye kiini cheusi, zuri ajabu. Alitaka jambo moja tu: lipite majaribio, lipewe jina, naye alione limesimama mbele ya watu. Macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alikwishamwambia waziwazi kwamba hayatarudi kama zamani.

"Mwaka huu bado naona rangi," aliniambia. "Mwakani sijui, mjukuu wangu."

Siku ambayo lango lingefunguliwa kwa wananchi wote ilikuwa inakaribia. Kila mgeni angepewa vijiti vitatu vyenye ncha nyekundu, avichomeke kwenye matuta yaliyompendeza. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Bwana Vibao alifunga bomba.

"Kuanzia leo, hata tone!" alitangaza. "Tunataka kujua ua lipi linavumilia kiu. Asiyeweza kuangalia afumbe macho."

Laiti ningefumba! Siku ya kumi na mbili tuliketi kwenye benchi letu karibu na lango, mbele ya namba kumi na nne. Majani yalikuwa yamelala. Bibi akayapapasa kwa vidole.

"Limelegea kidogo," akasema. "Litasimama lenyewe."

Mimi nilisikia neno moja tu: limelegea. Roho iliniuma. Nikajiambia, Bibi amengoja miaka saba, halafu ua lake life kikondoo mbele ya watu? Haiwezekani. Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, nilijaza maji dumu la lita tano, nikapenya kwenye tundu la uzio wa kando na kulimwagia lote. Nilifanya hivyo asubuhi tisa mfululizo. Viatu vililoa, na darasani mwenzangu wa dawati aliniuliza kama siku hizi nimekuwa bata. Nilicheka. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Siku ya wananchi ilifika, na watu wakafurika. Walikuja wazazi na watoto, walimu wetu, hata fundi cherehani alifunga duka akaja na sindano zake kifuani. Matuta mengi yalikuwa yamesinyaa, lakini namba kumi na nne lilikuwa linang'aa. Watu walikuwa wanasukumana kuchomeka vijiti.

"Hili ndilo!" fundi cherehani akapaza sauti. "Mengine yote yanaomba msaada!"

Bibi aliketi kwenye benchi, mikono juu ya fimbo, akitabasamu. "Ni vijiti vingapi, Kiherehere?"

"Havihesabiki, Bibi!"

Bwana Vibao alikuja na daftari lake. Hakushangilia. Aliinama, akachomeka kidole kwenye udongo, akakitazama. Kisha akawaomba watu wamfuate. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo kiherehere changu hakikuniacha niulize: kila aina ilikuwa imepandwa mahali patatu. Namba kumi na nne lilikuwa karibu na lango, lilikuwa katikati ya bustani, na lilikuwa tena kule kwenye ukuta wa mwisho. Mimi nilikuwa nalijua moja tu, lile la mbele ya benchi.

Matuta yale mawili yalikuwa na vumbi, na majani ya chini yamekauka. Udongo wake ulikuwa mkavu kama jivu.

Tuliporudi kwenye benchi, Bwana Vibao alipunguza sauti, lakini watu walikuwa wametega masikio. "Bibi, niwie radhi. Tuta hili limetiwa maji. Nawe ndiye unayekaa hapa kila siku. Naomba kukuuliza..."

Bibi aliugeuza uso kwangu polepole, ingawa sijui kama aliniona. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno matatu tu yangetosha: ni mimi, samahani. Nikatazama viatu vyangu.

"Ondoa namba yangu, baba," Bibi akasema. "Usimuulize mtu mwingine."

"Kumbe! Bibi kizee mjanja huyu," mtu mmoja nyuma akanong'ona, na wenzake wakacheka. Ninakisikia kicheko kile mpaka leo.

Tulitoka. Bibi hakunigombeza wala hakuniuliza kitu. Laiti angenichapa! Alitembea tu, mkono wake ndani ya wangu. Tulipofika kwenye duka la fundi cherehani lililofungwa, nilishindwa kupiga hatua nyingine.

"Bibi, ni mimi niliyelimwagia."

"Najua. Viatu vyako vilinuka tope wiki nzima."

"Mbona hukusema?"

"Hayakuwa maneno yangu. Yalikuwa yako."

Niliangua kilio pale pale barabarani. Kisha nikapiga moyo konde, nikamketisha kwenye ngazi ya duka na kukimbia bustanini. Watu walikuwa bado wapo. Nilimshika Bwana Vibao shati, nikamwambia yote, tangu dumu hadi tundu la uzio. Nilisema kwa sauti ili hata wale waliocheka wasikie. Mmoja wao akaangalia chini.

Bwana Vibao alinipeleka kwenye tuta la ukutani. Akainua kwa kidole ua moja la machungwa lililokuwa limechanua katikati ya vumbi.

"Unaona? Siku ishirini na moja bila tone, na bado limechanua. Aina nyingine kumi na sita zimekufa. Hili lilikuwa linapita, binti. Lilikuwa linapita bila msaada wako."

"Basi lipitishe!" nikamsihi. "Haya mawili hayakuguswa!"

Akatikisa kichwa. "Kanuni ni matuta matatu. Nikipindisha kwa Bibi yako, kesho nitapindisha kwa nani? Litapandwa upya mwakani."

Mwakani. Hakujua neno lile lilikuwa na uzito gani nyumbani kwetu. Alifuatana nami mpaka dukani, fundi cherehani na watu wengine wakitufuata, akamwinamia Bibi na kumwomba msamaha mbele yao. Bibi akampa mkono. Heshima yake ilirudi siku ile ile. Mwaka wake haukurudi.

Mwaka uliofuata bomba lilifungwa tena, na mimi sikusogelea uzio. Majani yalilegea, nikalia, nikayaacha. Siku ya wananchi, Bwana Vibao alichomeka kibao kipya kwenye matuta yote matatu. Hakikuwa na namba tena, kilikuwa na jina ambalo Bibi mwenyewe alilichagua: Vumilia. Watu wakapiga makofi, na fundi cherehani akapiga kigelegele.

Bibi aliketi kwenye benchi lile lile, uso wake umeelekea mahali ambapo ua halikuwepo. Rangi zilikuwa zimeshamwacha. Nilimsogeza taratibu upande wa tuta.

"Niambie, likoje?"

Nilitaka kumwambia halina doa hata moja. Nikainama kuliangalia vizuri. "Limechanua maua tisa, Bibi. Lakini majani ya chini manne yamekauka, na ua moja limeinama."

Bibi akacheka kidogo, akanitafuta kichwa kwa mkono, akanishika.

"Hapo sasa ninaliona," akasema. "Sikiliza, mjukuu wangu. Ulilimwagia maji kwa kunipenda, najua. Lakini mtu anayenipenda anipe kitu jinsi kilivyo, asinipambie. Tangu leo naona kwa macho yako. Ukinidanganya, hata kwa wema, nitakuwa kipofu kweli."

Nilimwahidi. Kisha akaniomba nimhesabie tena yale maua tisa, moja moja, na nikamhesabia, na lile lililoinama sikuliruka.