Mkwe wa Shangazi Bernadine

Ijumaa za Kwaresima, ukumbi wa chini wa kanisa lile la kusini mwa Milwaukee hujaa mpaka watu wanakula samaki wao wamesimama. Gerard Wojcik, fundi wa lifti, alikuwa kwenye foleni na ovaroli yake ya kazini, karatasi ya namba mkononi. Ilipoitwa namba tisini na tisa, akanyoosha mkono kuchukua sahani. Mkono mwingine ukamuwahi, wenye kucha nyekundu na bangili tatu.

"Umeishika kichwa chini, kaka," alisema mwenye mkono. "Yako ni sitini na sita. Ulishaitwa zamani."

Gerard akaigeuza karatasi. Kweli. Mwanamke akamwonea huruma, akamgawia nusu ya samaki wake. Jina lake Ramona Teske, msusi wa saluni, gauni la kijani limemkaa vizuri na ulimi hauna breki. Kabla hawajamaliza kahawa, Gerard alikuwa na namba yake ya simu.

Wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Huko si kula, ni kulidanganya tumbo. Njoo."

Naye Gerard akaenda.

Gerard alilelewa na Shangazi Bernadine, dada wa baba yake, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na minne. Siku njema, shangazi alikaanga viazi na kumfunga mpwa wake karata bila huruma. Siku mbaya, aliacha jiko linawaka, akamuuliza Gerard kama Gerard amesharudi kutoka shule. Daktari akasema asiishi tena peke yake. Aishi wapi, hilo aliwaachia wenyewe.

Gerard alizunguka akatazama sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa makao ya kusaidiwa: mzee ana chumba chake na ufunguo wake, anasaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa, lakini usiku anayekesha ni mlinzi tu. Ya pili ilikuwa nyumba ya uuguzi: wauguzi mchana na usiku, vitanda viwili chumba kimoja, na mlango haufunguki ovyo. Katika ya kwanza aliona uhuru, halafu akaona shangazi ameanguka bafuni. Katika ya pili aliona usalama, halafu akaona shangazi anatazama ukuta. Akampigia Ramona.

"Nyumba ya uuguzi," Ramona alisema papo hapo. "Usimwache mahali ambapo usiku hamna wa kumwangalia."

Wepesi wa jibu ulimchoma Gerard. Alimwambia kwamba amemwona shangazi mara mbili tatu tu na tayari anataka kumfungia. Ramona akasema aliulizwa, amejibu. Hapo Gerard akatamka neno ambalo alilijutia likiwa bado mdomoni: labda anaipigia hesabu nyumba anayoiacha shangazi. Simu ikakatwa. Kiangazi chote haikulia tena.

Shangazi akahamia makao ya kusaidiwa. Gerard alikwenda kumwona jioni za katikati ya wiki, maana Jumapili alikuwa zamu. Vuli ilipoanza, shangazi akawa na habari mpya.

"Mkeo alikuja. Kanitengeneza nywele."

"Shangazi, mimi sina mke."

"Usinibishie. Mke mzuri, ila anaongea mno."

"Anaitwa nani?"

Shangazi alimtazama kwa masikitiko. "Hujui jina la mke wako mwenyewe?"

Gerard aliaga akaondoka. Wiki iliyofuata ikawa hadithi ileile. Akamweleza msimamizi kwamba akili ya shangazi inaondoka, anaona watu wasiokuwepo. Msimamizi, ambaye Jumapili huwa nyumbani kwake, akakubali kwamba huenda wakati wa nyumba ya uuguzi umefika. Wakapanga shangazi apimwe upya.

Jumapili moja mwenzake akabadilishana naye zamu. Gerard akafika makaoni bila kutarajiwa. Shangazi alikuwa amekaa dirishani, nusu ya kichwa imejaa roli za nywele. Aliyekuwa anazifunga ni Ramona.

Walitoka koridoni. Ramona alieleza bila kumtazama. Bibi yake aliishi makao ya namna hii. Usiku mmoja wa theluji alitoka na gauni la kulalia, na hakuna aliyejua mpaka alipokutwa asubuhi ameganda kwa baridi. Kwa hiyo aliposikia shangazi amehamia hapa, mara ya kwanza alikuja kukagua tu kama mlango unafungwa. Mara ya pili alikuja kwa sababu shangazi alimwambia arudi.

"Na sasa naona abaki," alisema. "Hapa wanajua kwamba haguswi kabla hajanywa kahawa."

"Nimeshawaambia amechanganyikiwa, ahamie uuguzi. Kwa ajili ya mke asiyekuwepo."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Ramona akaegemea ukuta. "Mimi nilitaka uuguzi, wewe ukakataa. Sasa unataka wewe, nakataa mimi. Nani kati yetu anajua?"

"Mimi sijui," Gerard alisema. "Nisamehe lile neno la nyumba." Akavuta pumzi. "Kesho nitamwambia msimamizi kwamba shangazi alikuwa sahihi. Ningependa iwe kweli yote, Ramona. Na ile ya mke."

"Unaniposa kando ya kapu la shuka chafu?"

"Ndiyo."

Ramona aligeuka. Alirudi ndani, Gerard nyuma yake. Shangazi aliinua uso, na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu.

"Binti, huyu mwanamume ni nani?"

Gerard akashika kitasa. Ramona aliokota roli kitandani, akaifunga taratibu.

"Ni mume wangu, shangazi."

"Mwambie afute viatu."

Shangazi alibaki pale majira yote ya baridi. Arusi ilifungwa Mei, naye alikuwepo, amepambwa nywele, akiwauliza wageni ni arusi ya nani. Oktoba miguu ilipogoma kabisa, walimhamishia nyumba ya uuguzi. Walipokuwa garini wakirudi, Gerard aliuliza kama wamefanya sawa. Ramona alisema hajui, akamshika mkono, na Gerard akaendesha kwa mkono mmoja mpaka nyumbani.