Mistari Iliyofutwa

Lifti ya hospitali ile ilikuwa na tabia mbaya ya kukwama ikiwa imejaa, na asubuhi hiyo ilijaa mpaka watu wakapumuliana masikioni. Ilinuka jasho, dawa ya kusafishia sakafu, na chakula cha mgonjwa kilichopoa ndani ya kontena la mtu. Katikati ya watu hao alikuwepo msichana mmoja mwandika programu, siku yake ya kwanza kazini, blauzi nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, sketi ya bluu, na viatu vipya vya ngozi alivyovinunua kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Wenzake wa kazi ya zamani walimwita Bi Sabuni, kwa sababu hakuwahi kupita bomba la maji bila kunawa. Lifti ikatetemeka, ikasimama kati ya ghorofa na ghorofa. Pandikizi la mtu lililokuwa mbele yake likashikwa na hofu, hofu ikashuka tumboni, na, jamani, nisiwazungushe, likamtapikia viatuni.

Kila aliyekuwemo alirudi nyuma, ingawa nyuma yenyewe haikuwepo. Bi Sabuni alifumba macho, akabana pumzi, akahisi kifungua kinywa chake nacho kinamkaba kooni. Alipofumbua macho, kijana mmoja mwenye mzingo wa nyaya begani alikuwa amekwisha vua sweta yake ya kijivu, amepiga goti, anamfuta viatu taratibu kama vile anafuta meza. Akamwomba aache, akamwambia anamtia aibu.

"Tulia, dada," kijana akasema bila kuinua kichwa. "Sweta itafuliwa. Na wewe ukitapika sina cha kufutia tena, labda shati, na nina kitambi."

Alicheka. Ndani ya uvundo ule, Bi Sabuni alicheka. Lifti ilipokwamuliwa na yeye akafika idara ya kompyuta akiwa na viatu vilivyolowa, alimkuta kijana yule yule kwenye kiti cha pembeni, kumbe ndiye msimamizi wa seva, zile kompyuta kuu za hospitali nzima. Wote walimwita Fundi, naye akaanza kumwita hivyo hivyo.

Sasa kazi iliyomleta pale ni hii. Kila mfumo wa kompyuta hujiandikia kumbukumbu zake: mtu akiingia, mstari; akifungua faili la mgonjwa, mstari; akitoka, mstari. Mafundi huziita logi, na hazina msomaji, maana ni nyingi na zinaumiza macho. Hospitali ilikuwa imeaibika. Majibu ya vipimo vya mgonjwa mmoja maarufu yalizagaa kwenye simu za watu, watu wakayachekea, na haikujulikana nani aliyafungua. Bi Sabuni aliposimuliwa habari hiyo alichefuka kuliko alivyochefuka kwenye lifti. Matapishi mtu hajayapanga, alisema. Kuchungulia ugonjwa wa mwenzio ukiwa umekaa kwenye kiti chako na kikombe chako cha chai, huo ni uchafu wa kukusudia.

Akaandika programu ya kuzisoma logi mchana kutwa, izijue tabia za kila mtumishi, na ipige kengele likitokea badiliko lisilo la mazoea. Kengele ikilia, lazima mtu aijibu. Ukijibu "kawaida", programu inajifunza na haitalia tena kwa jambo la namna hiyo. Ukijibu "si kawaida", inakutaka ueleze sababu, na maelezo yako yanaruka moja kwa moja hadi kwa mkuu wa idara. Mwenye kujibu alikuwa yeye. Mwanzoni ilimlilia kwa vitu vya kipuuzi: muuguzi aliyehamia kompyuta ya chumba cha eksirei kwa sababu kule kuna feni, daktari aliyeacha mashine wazi akaenda kula na wenzake wakaitumia kwa vidole vyenye mafuta. Alizunguka kuwauliza mmoja mmoja, akirudi anapangusa kibodi zao zilizojaa makombo na kulaani kimoyomoyo.

Fundi alimfungulia kila mlango wa seva aliohitaji, na bila kuombwa akamfungulia na milango mingine. Alimpigia simu kila asubuhi kabla yeye mwenyewe hajatoka kitandani.

"Msafi wangu, umenawa?"

"Nimenawa. Wewe umeacha kula kwenye kibodi?"

"Nakula pembeni."

"Pembeni ya kibodi?"

"Mpenzi, nikikujibu hilo utaniacha."

Wakaenda hivyo, utani juu ya utani, mpaka watu wa idara wakachoka kuwasema. Alimpenda. Mwanamke aliyekuwa akifungua vitasa vya milango kwa karatasi alikubali kunywa kikombe kimoja na mwanamume, na dada yake mkubwa aliposikia hivyo kwenye simu alimwambia basi huyu ni wa kuolewa naye, mwingine asitafute.

Ila kulikuwa na jambo. Miaka kadhaa nyuma, kabla hajaota kufanya kazi pale, Bi Sabuni alilazwa katika hospitali hiyo hiyo, akafanyiwa upasuaji, akatolewa kizazi. Aliyejua ni dada yake tu. Fundi alikuwa mtu wa watoto. Akimwona mtoto ukumbini lazima amchokoze. Kila walipopita wodi ya wazazi yeye Bi Sabuni alinyamaza, na Fundi aliona ananyamaza. Alitaka kumwambia. Alikuwa amejiapiza kwamba hataolewa na mtu ambaye hajalisikia hilo kutoka kinywani mwake mwenyewe, amtazame usoni anapolisikia, aone uso huo unafanya nini. Kila akijaribu, aliishia kwenye utani.

Halafu jioni moja, wameketi kwenye benchi la kituo cha basi, Fundi akaushika mkono wake na kusema bila utangulizi, "Hata tusipojaliwa watoto, mimi na wewe tunatosha."

Bi Sabuni alilia pale pale kituoni, watu wanamtazama, na hakujali. Alimpigia dada yake njiani. Amesema mwenyewe, dada, sijamwambia kitu na amesema mwenyewe, mtu gani huyu anayenisoma moyo namna hii? Dada akafurahi, lakini akamsisitiza amwambie ukweli wote. Akaahidi: Jumapili, wakitoka kumsalimia mama yake Fundi, atamkalisha chini amsimulie.

Huko kwa mama mkwe mtarajiwa alipokewa vizuri. Nyumba safi, vitambaa vimefuliwa, hata yeye hakukosa kuridhika. Lakini wakati wa kuagana mama alimshika mikono yote miwili, akamwangalia tumboni kabla ya kumwangalia usoni, akasema, "Pole kwa yote, mwanangu. Mungu ni mwema." Bi Sabuni akaitikia amina bila kujua anapewa pole ya nini. Njiani Fundi alikuwa na haraka, seva moja imegoma, na mazungumzo ya Jumapili yakasogezwa.

Kesho yake ofisini Bi Sabuni aliwasha kitu kipya. Kwa muda alikuwa akijaribu kimyakimya njia ya kukamata mtu anayefuta logi, na hakuwa amemwambia yeyote, hata Fundi, kwa vile hakupenda kuonyesha kazi ambayo haijaiva. Njia yenyewe ni rahisi: kila mstari ubebe alama ya mstari uliotangulia, kama mabehewa yalivyoshikana. Ukichomoa behewa la katikati, la nyuma linabaki halina pa kushika. Na programu ilibaki na nakala yake pembeni ya kila mstari. Alipoifungulia kengele, ikalia papo hapo. Kulikuwa na mistari iliyofutwa, ya siku chache nyuma, saa za chakula cha mchana.

Aliruka kwa furaha. Mchunguliaji amepatikana! Mtu wa kwanza kumpigia, nani mwingine, alikuwa Fundi.

"Fundi, njoo uone. Kuna mtu alifungua faili akafuta nyayo zake."

Fundi akasema kwa sauti nyepesi mno, "Ah, huyo ni mimi, nilikuwa nasafisha diski. Jibu kawaida tu, mpenzi."

"Diski husafishwa kwa kufuta mistari ya katikati?"

"Jibu kawaida. Nakuja tuongee."

Hakujibu kawaida. Alifungua nakala, na mistari iliyofutwa ikajipanga mbele yake: akaunti kuu ya msimamizi wa seva imeingia, imefungua faili la mgonjwa, imekaa ndani muda mrefu, imetoka. Namba ya mgonjwa hakuhitaji kuitafuta. Ilikuwa kwenye kadi aliyoibeba kwenye pochi kila alipokuja kliniki, namba aliyoitwa nayo dirishani mpaka akaizoea kama jina. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile ya benchi la kituo cha basi.

Kwa hiyo hakusomwa moyo. Alisomwa faili. Lile neno tamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa lilitoka kwenye karatasi za daktari, pamoja na uzito wake, damu yake, na maelezo ya jinsi alivyopasuliwa. Alikimbilia bafuni akatapika, kisha akanawa, akanawa tena, akagundua kwamba hakuna mahali hasa mwilini mwake pa kunawa.

Alimkuta Fundi kwenye chumba cha seva, mashine zinavuma, baridi kama ya mochari. Kijana alikuwa amevaa shati jipya la mistari alilonunuliwa na Bi Sabuni. Akaanza kujieleza kabla hajaulizwa: alikuwa anamwona anavyonyamaza, alishindwa kulala, aliogopa kumuuliza asije akamuumiza, funguo alikuwa nazo mkononi, na hakutafuta kumhukumu, alitafuta namna ya kumfariji. Mtu akimsikiliza angeweza kumwonea huruma, na Bi Sabuni kwa muda kidogo alimwonea kweli.

"Mama yako anajua?" akauliza.

Fundi akageukia mashine, akakaza waya ambao haukulegea.

"Nakuuliza. Mama yako anajua?"

"Nilihitaji mtu wa kuongea naye."

Ndipo ile pole ya kuagana ikamrudia, na macho yale yaliyotua kwanza tumboni. Mwili ulimsisimka kwa kinyaa, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo. Alikuwa amekaa kwenye kochi la watu, amevaa gauni lake zuri, amepaka mafuta, anatabasamu, kumbe wenyeji wamekwisha kumvua nguo. Alimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo.

"Lakini nililosema ni kweli," Fundi akasema, na macho yake yalijaa machozi. "Nililisema kwa sababu nakupenda. Bado nalisema. Nataka kukuoa."

"Sijui kama ni kweli. Ulininyima nafasi ya kujua. Nilitaka nikutazame unapolisikia, na wewe ulikwisha lisikia ukiwa peke yako, unakula pembeni ya kibodi."

Fundi akafuta uso. Akamsihi ajibu kawaida. Akisema si kawaida, yeye Fundi atafukuzwa kazi, akifukuzwa watakula nini, harusi watafanya na nini. Na zaidi ya hayo hakuna aliyeumia, faili lenyewe ni la Bi Sabuni mwenyewe, na akimsamehe limekwisha.

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Bi Sabuni alijua kuliko yeyote maana ya neno lile "kawaida". Akijibu kawaida, programu itajifunza kwamba msimamizi wa seva kuingia kwenye mafaili ya wagonjwa na kufuta ni tabia njema, na haitalia tena, iwe ni faili la nani. Huyu mwanamume alikuwa anamwomba aifundishe kazi ya mikono yake kuwa kipofu, na anaita hayo mapenzi. Alimtazama, akamwona mzuri vilevile, na akamchukia kwa kuwa mzuri vilevile.

Alirudi mezani pake. Akajibu "si kawaida". Programu ikamtaka sababu, akaandika: "Msimamizi wa seva alifungua faili la mgonjwa bila ruhusa, akatoa siri yake nje, akafuta logi. Mgonjwa ni mimi." Mkono ulisita kwenye sentensi ya mwisho, maana kwa kuiandika hiyo hospitali nzima ingejua kuna kitu ndani ya faili lake. Akaiacha ilivyo, akatuma.

Mkuu wa idara, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, alikuja mwenyewe kumwambia Fundi akabidhi funguo. Hakufoka. Fundi alikusanya vitu vyake kwenye mfuko, akatoka hadi ngazi za nyuma, akaketi. Bi Sabuni akamfuata. Aliketi ngazi ya juu yake, sketi ameikunjia chini ya magoti, na Fundi akaanza kuomba msamaha upya.

"Nyamaza," akamwambia. "Nisikilize. Nitakusimulia mwenyewe."

Akamsimulia. Alianza na maumivu aliyodhani ni ya kawaida, akaja kwa daktari aliyezungumza huku anachezea kalamu, kisha dada yake aliyelala sakafuni chini ya kitanda chake. Akamsimulia asubuhi alipozinduka na kuuliza kama wamefanikiwa kukiacha kizazi, na muuguzi akaenda kufungua dirisha bila kujibu. Mambo hayo hayakuwemo kwenye faili lolote. Fundi alilia kwa sauti, mabega yanaruka, na yeye alimtazama usoni muda wote, kama alivyokuwa amepanga, akauona uso huo unafanya nini. Ulikuwa ni uso wa mtu anayempenda.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alisubiri mpaka Fundi atulie, akamwambia kwamba hayo ndiyo aliyokuwa amemwandalia Jumapili, na kwamba angekuwa amengoja, sasa hivi wangekuwa wachumba. Kisha akainuka, akapangusa sketi yake, akarudi kazini.