Matone Matatu Kitabuni

Kila asubuhi ya safari yetu ilianza kwa soksi. Shangazi alizifua jioni kwenye sinki na kuzianika dirishani, na kazi yangu ilikuwa kuzianua. Baada ya chai tulikunja mashuka, kisha yeye akafungua mkoba wake wa sindano. Shangazi ni fundi cherehani. Alijibana miaka miwili ili tulizunguke bara kubwa kuliko yote kwa treni za daraja la tatu na mabasi ya umma. Vitanda tulivipata kwa bei ya kutupa, maana aliwashonea wenye nyumba mapazia yaliyochanika.

"Tembea ujionee," alikuwa akiniambia, "lakini tembea na sindano."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku ya kwanza nilitembea kinywa wazi. Niliona mto mpana hata ng'ambo yake haionekani. Niliona treni ndefu yenye watu wengi kuliko mtaa wetu mzima, na wote walilala wamenyooka vitandani kama vijiko kabatini. Sikujua kwamba dunia ni kubwa kiasi hicho, na wakati mwingine ukubwa wake ulinitia hofu.

Mwezi wa pili wa safari tulifika kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa chini ya mlima. Nyuma yake ngazi za mawe zilipanda hadi kileleni, zaidi ya vidato elfu mbili. Wageni walitoka pande zote za dunia na lugha zao hazikuelewana, kwa hiyo mezani palikuwa na kitabu kikubwa cha michoro. Aliyerudi kutoka matembezini alichora alichokiona, ili anayekuja nyuma yake ajue. Mbwa alimaanisha mbwa mkali, na matone matatu yalimaanisha maji safi ya kunywa. Mama mwenye nyumba alikithamini kitabu kile kuliko redio yake, na hiyo redio hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Siku ya pili goti la shangazi lilimuuma, akabaki na mapazia. "Nenda wewe, Kiroboto," aliniambia. Aliniita hivyo kwa sababu situlii. "Ngazi zina watu kutwa nzima. Ukirudi utatuchorea."

Nilipanda kwa mbwembwe. Nilipofika katikati, miguu ilianza kutetemeka. Palikuwa na benchi la jiwe, na chini yake paka na watoto wake wanne. Nikacheza nao mpaka jua likageuka. Mwanamume mmoja aliteremka, uso na shati vimelowa chepechepe. Nikajiambia, bila shaka huko juu kuna maji.

Niliporudi, shangazi alikuwa akinisubiri mlangoni akitabasamu. "Umefika juu?"

"Nimefika," nikajibu. Neno lilitoka kabla sijalifikiria. Akafurahi mno, akaniletea kitabu mwenyewe. Nikachora ngazi, kilele, na pembeni ya kilele matone matatu. Mama mwenye nyumba akanipigia makofi, nami nikaona aibu kidogo, lakini si ya kunizuia kula.

Kesho yake asubuhi nilikuta chupa mbili za maji zimeachwa juu ya meza, kando ya kitabu. Kilikuwa wazi kwenye ukurasa wangu. Mama mwenye nyumba alisema jambo huku akicheka, na shangazi, ambaye lugha yao aliijua ya kutosha kununua nyanya na kugombana, akanifasiria.

"Anasema yule mgeni mwenzetu, babu wa kofia ya majani, amepanda mlima alfajiri na mjukuu wake. Ameona mchoro wako, akaona ya nini kubeba mzigo. Leo ni siku ya soko, ngazi hazina mtu."

Moyo ulinilipuka. Nje jua lilishaanza kuchoma, na mjukuu yule hakuzidi miaka mitano. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini zile chupa mbili zilikuwa mbele yangu, zimejaa.

"Shangazi, mimi sikufika juu. Niliishia kwa paka. Maji sikuyaona."

Sindano ya shangazi ilisimama katikati ya pazia. Nilingoja kofi au maneno makali. Shangazi aliinuka, akanipa zile chupa mikononi.

"Kimbia. Mimi na goti langu tunakuja nyuma."

Nililipita benchi bila kutazama paka. Vidato viliendelea kuja, na kila nilipodhani vimekwisha vilikuwepo vingine. Niliwakuta karibu na kilele. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa babu, midomo imepasuka, na babu alikuwa akimpepea kwa kofia. Nilifungua chupa. Mtoto alikunywa kidogo kidogo, akakohoa, akanywa tena, kisha akafumbua macho na kunishika kidole. Babu alinishika kichwa kwa mkono wake mkavu, akisema maneno mengi ya upole. Nikalia, kwa sababu sikujua neno hata moja la kumwambia kwamba kosa ni langu.

Tulimalizia vidato vilivyobaki pamoja, polepole. Kileleni palikuwa pakavu, hakuna hata mfereji. Kumbe yule mwanamume wa jana alikuwa amelowa jasho. Lakini ng'ambo ya kilele mashamba yalishuka bonde zima ngazi kwa ngazi, kila moja limejaa maji yenye rangi ya mbingu, na nyuma yake milima myeupe ilipangana hadi macho yakachoka. Babu alimnyanyua mjukuu wake aone. Nilijiona mdogo kama punje, na nikashukuru kuwa hai na kuwa pale.

Shangazi alifika akihema, akamkagua mtoto, ndipo akaketi kando yangu. Nilimwambia kwamba nikishuka nitauchana ule ukurasa.

"Usiuchane. Futa matone, jichore umekaa na paka, na hapa uchore chupa tupu. Watu wajue hata ulipokosea." Akalikanda goti lake. "Mwanangu, msafiri asiye na fedha hana gari wala mtu wa kumwongoza. Ana neno la aliyemtangulia, basi. Anaweka maisha ya mjukuu wake juu ya neno la mtu asiyemjua. Wewe ulidhani umenidanganya mimi."

Shangazi akamvuta yule mtoto mapajani mwake, tukakaa tukiyatazama yale maji mengi kule chini, ambayo kutoka pale hakuna ambaye angeweza kuyanywa.