Hoi, Dubu

Walikutana kwenye duka la vifaa vya mlimani, katikati ya Calgary, Jumamosi ambayo ungedhani jiji zima limetoka kununua viatu. Kwenye rafu ulikuwa umebaki mkebe mmoja tu wa dawa ya kufukuzia dubu. Mikono miwili iliushika kwa pamoja.

"Samahani," alisema Darya Hrynchuk.

"Samahani mimi," alisema Emmett Lindgren. Alikuwa na mabega mapana, ndevu za kahawia, na sweta la sufu lililomzidishia upana. "Chukua wewe. Mimi dubu akinitokea nitamsalimia tu."

Darya alimtazama juu mpaka chini. "Wewe akikuona atadhani ni ndugu yake."

Tangu siku hiyo akawa Dubu. Dubu kwenye simu, Dubu kwenye treni, Dubu pale mama yake Darya alipomlisha pierogi, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, mpaka akalegeza mkanda.

Mwishoni mwa kiangazi Emmett akapata kazi Halifax, upande wa pili wa nchi. Akapiga simu.

"Wameniita, mpenzi. Sijui niwajibu nini."

Alitaka aambiwe asiende. Darya naye alitaka kusikia kwamba haendi. Basi akasema kwa upole, "Hongera. Nenda tu, ni nafasi nzuri."

"Hongera tu?"

"Unataka nikupigie vigelegele?"

"Haya. Dubu wako anaenda."

"Usijiite hivyo tena," alisema Darya, akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Wakanuniana mpaka vuli, majira ambayo aina moja ya misonobari ya milimani hugeuka dhahabu kabla ya kupukutika, na watu wa Calgary huhamia huko kila mwisho wa wiki. Rafiki yake Darya, Jasleen, akawaalika wote wawili wapande mlima pamoja naye na mumewe Wes. Hakumwambia Darya kwamba Emmett atakuja, wala Emmett kwamba Darya atakuja. Alichojua ni kwamba Jumatatu Emmett angetoa jibu lake Halifax.

"Jasleen, umenifanyia nini?" Darya alinong'ona walipoegesha gari, alipomwona Emmett amesimama pale akiwangoja. Alivaa koti la buluu na kofia nyekundu ya sufu, na mashavu yake yalikuwa yamewiva kwa baridi.

"Shoga, nimekualika mlimani. Hukuuliza nani mwingine anakuja." Kisha akapaza sauti, "Shemeji, karibu!"

"Mimi si shemeji wa mtu tena," alijibu Emmett.

"Hilo utaniambia tukishuka."

Darya akatangulia. Na anayetangulia ndiye anayepiga kelele, ili mnyama asishtukizwe kichakani. "Hoi, dubu!" aliita kila njia ilipopinda. "Hoi, dubu!" Kila mara Emmett, aliyekuwa nyuma ya wote, alinyanyua kichwa, kisha akakiinamisha.

Walipofika kwenye mgongo wa mlima, theluji ilikuwa imefunika mawe, na upepo uliwachoma masikioni. Emmett alisimama kufunga kamba ya kiatu, akaona haya kuwaambia wamngoje. Wingu likashuka. Theluji ikaanza kuanguka kwa wingi, na alipoinuka hakuona mtu.

Huko mbele Jasleen aligeuka. "Emmett yuko wapi?"

Wes aliita kwa sauti yake nzito, lakini upepo ukaimeza. Kushoto kwao mlima ulikuwa umekatika kama ukuta, na chini hakukuonekana kitu. Darya alivua kofia apate kusikia. Alifungua kinywa kuita Emmett, likatoka jina lile la zamani.

"Dubu! Dubu!"

Kisha mawe yakasikika yakiporomoka. Mtu alikuwa akitembea, lakini akienda mbali nao.

"Mbona anarudi nyuma?" aliuliza Jasleen. "Hasikii tunavyomwita?"

"Anasikia!" Darya alishika kichwa. "Anadhani tumekutana na dubu! Anamkimbia!"

Akajaza kifua.

"Dubu wangu! Wewe, Dubu wangu! Simama hapo hapo!"

Mawe yakanyamaza.

"Mimi?" sauti ilitoka ndani ya wingu.

"Ni dubu gani mwingine namwita wangu, mpumbavu wewe? Usisogee! Nakuja!"

Wes alimshika mkono, wakafuata nyayo zao wenyewe kwenye theluji. Walimkuta amesimama wima, ndevu nyeupe kwa barafu, ukingo uko nyuma yake hatua chache tu. Darya alimvuta kwa koti mpaka kwenye mawe imara, akampiga kifuani, kisha akauficha uso wake hapo hapo alipopiga.

"Ulisema nisijiite hivyo," alisema Emmett.

"Nilisema usijiite. Nitakuita mimi."

"Na Halifax?"

"Nilikwambia nenda ili useme huendi."

"Nami nilikupigia ili uniambie nisiende."

"Basi usiende, Dubu."

"Siendi." Akashusha pumzi ndefu, kama aliyetua mzigo. "Wala sijawahi kutaka kwenda."

Wingu lilifunguka walipokuwa wakishuka, na bonde lote likawaka njano chini ya theluji. Jasleen aliwapa chai ya moto yenye tangawizi bila kuuliza kitu. Walipoingia msituni akatangulia yeye.

"Hoi, dubu!" aliita.

"Naam!" Emmett akaitika.

Darya akamfinya mkono. "Nyamaza. Huyo anayeitwa ni dubu wa watu wote."