Machicha Yasiyomwagwa

Sufuria ilikuwa imeepuliwa tangu asubuhi, na sasa ilikuwa alasiri, lakini Kioo alipofunua kifuniko mvuke ulimpiga usoni. Akaugusa ubavu wa sufuria. Ulikuwa wa baridi. Kilichomshangaza zaidi ni harufu. Siku zote machicha ya dawa za Mama Sindano yalinuka uchungu wa mizizi na maganda, harufu inayoganda kwenye nguo hata ufue mara ngapi. Leo yalinukia manukato, kana kwamba mtu aliyejipamba ametoka kupita jikoni sasa hivi.

Mwingine angeyamwaga akakimbia. Kioo aliinama akanusa tena.

Kazi yake katika kliniki ya mama huyo ilikuwa kuchemsha dawa na kupangusa vitanda. Mama Sindano alisomea tiba ya Kichina ujanani, huko huko kwa wenyewe, na watu walimletea kila balaa la ngozi: chunusi, mabaka, upele, pumu ya ngozi. Alimwambia mgonjwa atoe ulimi akautazama, akamshika mapigo mikono yote miwili, kisha akamlaza na kumchoma sindano nyembamba kama unywele, kwenye kikunjo cha kiwiko, juu kidogo ya goti, na penginepo alipopajua mwenyewe. Mwisho alimwogesha kwa maji ya dawa, akimsugua kwa machicha yaliyofungwa kitambaani. Na sharti lake lilikuwa moja, alilopewa na mwalimu wake: machicha hayo yamwagwe katikati ya njia, wapita njia wayakanyage mpaka yapotee. Dawa ikishavuta ugonjwa, alikuwa akisema, si dawa tena, ni mzigo. Kumwaga ilikuwa kazi ya Kioo.

Na mgonjwa wa siku zile alikuwa mdogo wake, Kitinda.

Walizaliwa tumbo moja, mmoja akapewa sura, mwingine akapewa ugonjwa. Ngozi ya Kitinda ilipasuka tangu utotoni, shingoni, viwikoni, nyuma ya magoti, na mtaani walimwita Magamba. Dada mtu alikuwa mzuri, akajua, na mtaa ukajua kwamba anajua, ndiyo maana jina la Kioo likamganda. Tusimsingizie, alimpenda mdogo wake. Alimkuna mgongo mpaka akalala, na waliomwita Magamba mbele yake walirudi kwao wakilia. Ila upendo ule ulikuwa na ngazi: yeye juu, mwenzake chini. Sindano zilipoanza kufanya kazi na magamba yakapukutika, na ngozi laini ikajitokeza chini yake, Kioo alisema alhamdulillahi kwa mdomo, na moyoni akasikia ngazi inayumba.

Halafu akaja fundi umeme kubadilisha nyaya za kliniki. Kioo alishamweka kwenye hesabu zake. Akampelekea chai mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Fundi akanywa chai yote, akashukuru kwa adabu, kisha akatuma wazee wakamchumbie Kitinda.

Wanasema hasidi hana sababu, lakini Kioo sababu alikuwa nayo, na aliilea kama mtoto. Kila mtu aliyesema “Kitinda kawa mzuri” alimwongezea donge kooni. Na ndani ya donge lile wazo likaota: ikiwa dawa imemtoa mtu kwenye magamba ikamfikisha hapa, yeye aliyeanzia kwenye uzuri itamfikisha wapi? Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Jioni ya siku ile ya manukato hakwenda njiani kumwaga kitu. Aliyatia machicha kwenye mfuko, akayachemsha upya nyumbani, akaoga kuanzia utosini hadi unyayoni.

Uzuri ukaja, tena haukubisha hodi. Asubuhi ya pili uso wake ulikuwa unang'aa mpaka muuza maziwa akamwaga maziwa. Kovu la utotoni kwenye goti lilifutika. Wanaume waligeuka njiani, na wanawake waligeuka zaidi, maana wao ndio wanaojua bei ya kitu kama hicho. Kioo akawa anayachukua machicha ya mdogo wake kila yanapotoka, na Mama Sindano akiuliza kama yamemwagwa, anajibu yamemwagwa.

Jumapili moja mchana mvua ilinyesha, umeme ukakatika, chumba kikaingia giza, na wale ndugu wawili wakajilaza kila mmoja kitandani kwake. Kioo akasikia mtu anajikuna. Sauti ile aliijua tangu utotoni, kucha juu ya ngozi kavu, kwaru kwaru, na akafungua mdomo kumwambia mdogo wake aache atajitoa damu, ndipo akakumbuka kwamba Kitinda siku hizi hajikuni, akageuza kichwa, akamwona amelala fofofo, mikono yote miwili imetulia chini ya mto, na kukuna kunaendelea, si kule kitandani, wala si ukutani, bali hapa hapa nyuma ya kisogo chake, polepole, kwa raha, na yale manukato yakamjaa puani mpaka pumzi ikamkwama, huku pumzi ya mwingine, ya moto, ikipita sikioni mwake.

“Mwache aolewe,” sauti ikanong'ona, ya kiume, ya upole. “Nilikaa naye tangu mchanga. Nilimvika magamba ili jicho la mtu lisimtamani. Akanifukuza. Wewe umenikaribisha kwa mikono yako, wewe nitakuvika uzuri. Ila mimi sina tabia ya kugawana.”

Kioo akajivuta shuka mpaka kichwani. Lakini ndani ya woga ule, na hili ndilo alilolionea haya baadaye, kulikuwa na furaha, kwamba kuna kitu kimemwacha mdogo wake kikamchagua yeye. Hakumwambia mtu.

Maana ya kutogawana aliiona wiki ile ile. Mgonjwa mmoja aliyemshika mkono wakati wa kushuka kitandani alirudi mkono umeumuka malengelenge. Kijana mmoja wa mtaani aliyemshika bega kwa utani alifungwa bandeji hadi kiwikoni. Mama yao alimsuka nywele, na vidole vyake vikapasuka hata kushika kijiko ikawa taabu. Kila mmoja alipoumia, Kioo alisikia nyuma yake kicheko kidogo cha mtu aliyeshiba.

Alipoona vidole vya mama yake ndipo alipokwenda kwa Mama Sindano na kukaa kwenye kiti cha wagonjwa. Mama Sindano alivaa glavu, akamshika mapigo, akahamia mkono wa pili, akarudi wa kwanza.

“Mapigo haya ni ya watu wawili,” akanong'ona. “Una mimba?”

Kioo akatikisa kichwa.

“Afadhali ungekuwa nayo, mwanangu. Machicha ya mdogo wako uliyamwaga wapi?”

Kioo akalia, akaeleza yote, hata chai ya fundi umeme. Mama Sindano hakumfokea. Alifunga dirisha, akasogeza kiti karibu, akateremsha sauti.

“Huyo aliyekuingia nitamtoa. Lakini akitoka ataondoka na alichokuletea, na atakuachia alichomwachia mwenzako. Magamba. Labda mwaka, labda maisha, sijui. Na mpaka atoke, usimguse Kitinda hata kwa kidole. Ile ni nyumba yake ya zamani. Akirudi mle, sindano zangu hazitamtoa tena.”

Kioo akakubali. Akaomba jambo moja tu, Kitinda asiambiwe, maana angeuweka wapi uso wake mbele ya mdogo wake? Mama Sindano akamwonea huruma. Kwa Kitinda ikasemwa kwamba dada ana homa.

Harusi ilikuwa kesho yake. Mama Sindano alimlaza Kioo kwenye chumba cha ndani, akamchoma sindano kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, akamwonya asijitikise, akaenda jikoni kukoroga dawa ya kumwogesha. Mlango ukabaki umerudishwa tu. Kioo akalala akitazama dari, na sindano zikaanza kutetemeka zenyewe, moja baada ya moja, zikilia kwa sauti nyembamba, na chini ya ngozi yake kitu kikahangaika kutoka kiwiko hadi bega, kutoka bega hadi shingo, kikitafuta pa kushika. Akahisi mwasho kiwikoni. Akainamisha macho, akaona gamba la kwanza limenyanyuka, jeupe, kingo zake zimejikunja.

“Unaona unavyofanywa?” sauti ikamwambia. “Na kesho watakuweka karibu naye, watu wawatazame.”

Mlango ukasukumwa. Kitinda akaingia na gauni lake la harusi, ametoka nalo kwa fundi cherehani, hakutaka kulivua kabla dada yake hajaliona. Mikono iko wazi, shingo iko wazi, na ngozi imetulia kote, haina hata doa. Akasimama kando ya kitanda, machozi yakimlengalenga machoni.

“Dada, pole. Wameniambia nisikusumbue, nimeshindwa. Wewe ulikuwa unanikuna mpaka nalala wakati watu hata kiti changu walikuwa hawakikalii. Leo acha mimi nikushike mkono.”

Neno la kumwambia atoke lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Kioo. Aliusikia uzito wake. Alimpenda mdogo wake saa ile kuliko siku zote, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni.

Kitinda akayaona, akataka kumchekesha. “Unajua mchumba wangu leo kanifanyaje? Kaniona kwa mbali na gauni hili, akaniita jina lako. Kasema ngozi yetu sasa ni moja. Hebu fikiria, dada, mimi nifananishwe na wewe.”

Sindano zikanyamaza. Huko jikoni kijiko kiligonga ukingo wa sufuria, na nyayo za Mama Sindano zikaanza kurudi kwenye ujia, bila haraka, za mtu aliyebeba kitu cha moto. Zilikuwa bado hazijafika mlangoni.

“Njoo,” Kioo akasema, akanyoosha mkono. “Nishike, mdogo wangu.”

Kitinda akaupokea kwa mikono yake miwili, akaukumbatia kifuani. Baada ya kitambo akacheka kidogo, akasema mbona kunamwasha, akajaribu kuitoa mikono yake ajikune.

Kioo hakuiachia.